Lori Kuukuu la Kijeshi Likikosa Nguvu: Anza Tangini, Pampu Iguse Mwisho

Lori la zamani la kijeshi likianza kukohoa mlimani, neno la kwanza gereji ni "pampu". Injekta pampu, ile inayosukuma dizeli kwenye injini kwa presha kubwa, inafunguliwa, inapelekwa kalibresheni, yaani kupimwa na kurekebishwa kwenye benchi, inarudi na bili nzito, na wiki haijaisha lori linakohoa palepale Sachangwan. Kumbe ugonjwa ulikuwa nyuma ya pampu: kutu tangini, hosi iliyopasuka, wosha ya shaba iliyochoka, filta iliyojaa. Kwa hiyo fuata mpangilio mmoja, kutoka tangini kwenda kwenye nozi, yaani vinyunyizio vya dizeli ndani ya silinda, na usiruke hatua hata ukiwa na hakika umeshajua kosa.

Vipimo vya hapa ni vya injini ya Mercedes OM352: silinda sita, lita 5.675, dizeli ikipigwa moja kwa moja juu ya pistoni. Ndiyo injini ya Unimog U1300L na ya Mercedes 911 nyingi. Lori lako likiwa Bedford au Leyland lenye pampu ya mstari, yaani ile ndefu yenye paipu sita zilizojipanga juu yake, hatua ni zilezile ila namba zichukue kwenye kitabu cha injini yako. Kama pampu ni ya mviringo na paipu zimeizunguka, sehemu za tangi, hewa, filta na nozi zitakufaa, lakini utoaji wa hewa na upimaji wa taimingi, yaani wakati dizeli inapoanza kupigwa, ni tofauti kabisa. Usitumie wa hapa.

Njia ambayo dizeli inapita

Dizeli inatoka tangini, inapita kwenye kikombe kidogo chenye chujio, inaingia lifti pampu, pampu ndogo inayoinyonya kutoka tangini. Hii imefungwa ubavuni mwa injekta pampu na inasukumwa na kamshafti ya hiyo injekta pampu. Juu yake kuna kitufe cha kupampu kwa mkono. Kutoka hapo dizeli inakwenda kwenye filta mbili kubwa, ya kwanza ya kukamata uchafu mkubwa na ya pili ya karatasi, kisha inaingia ndani ya injekta pampu, kwenye elementi sita, yaani pampu ndogo za ndani, moja kwa kila silinda. Kila elementi inasukuma dizeli kupitia dilivari valvu yake, inayozuia dizeli isirudi, na paipu yake ya chuma hadi kwenye nozi yake. Inayobaki inarudi tangini kupitia valvu ya kurudisha.

Igawe njia hii mara tatu kichwani. Kutoka tangini hadi lifti pampu ni upande wa kunyonya: tundu likiwepo hapo, dizeli haimwagiki nje, hewa ndiyo inayoingia. Ndiyo maana mtu hukagua paipu zote, zikawa kavu, akasema hakuna kosa. Kutoka lifti pampu hadi injekta pampu kuna presha ndogo, bar 1 hadi 1.5, na uvujaji wake unaonekana kama unyevu ulioganda na vumbi. Kutoka injekta pampu hadi nozi ni presha kubwa. Nozi ya OM352 hufunguka kwenye bar 200 hivi.

Bar 200 hupenya ngozi. Usitafute uvujaji kwa kidole, tumia kipande cha kadibodi. Dizeli ikimpiga mtu, jeraha ni kitobo kidogo kama cha sindano na mwanzoni halina uchungu mwingi, jambo linalowaponza wengi wakaendelea na kazi. Huyo anapaswa kufika saa hiyohiyo kwenye hospitali kubwa yenye upasuaji, Kisumu, Nakuru au Eldoret, na daktari aambiwe wazi kuwa ni dizeli ya presha iliyoingia chini ya ngozi.

Hatari ya pili ni injini kukimbia yenyewe. Reki ya pampu, fimbo inayoamua kiasi cha dizeli, ikikwama kwenye mafuta mengi, kuzima swichi hakusaidii chochote, kwa kuwa injini hii haihitaji umeme ili iendelee kunguruma. Kabla ya kuwasha injini ambayo pampu yake imeguswa, fungua paipu ya hewa na uweke karibu ubao bapa unaotosha kuziba tundu lote. Usizibe kwa kiganja wala kwa kitambaa laini, vitanyonywa.

Vya kuwa navyo: spana namba 17 na 19 kwa nati za paipu za nozi, hosi ya plastiki inayoonyesha ndani ya mita mbili, jerikani safi ya lita 10, chupa mbili za kioo, geji ya presha ya bar 0 hadi 4, wosha mpya za shaba za saizi zote za mfumo, na vitambaa vya pamba visivyotoa nyuzi. Zile nyuzi za kufutia mikono gereji zisikaribie pampu, uzi mmoja unatosha kuziba nozi. Kisha osha injini. Eneo la pampu na nozi lisuguliwe kwa brashi na dizeli likauke kabla nati ya kwanza haijafunguliwa.

Tangi

Malori haya huegeshwa miezi, wakati mwingine miaka, kabla ya kuuzwa. Tangi likikaa nusu, usiku wa baridi wa Molo au Londiani hewa iliyo ndani inatoa maji, maji yanatua chini, chuma kinashika kutu. Pale maji na dizeli vinapokutana huota vijidudu vinavyotengeneza ute mweusi. Lori likianza kutikiswa kwenye barabara ya murram, yote hayo yanakwenda kwenye mdomo wa paipu ya kunyonya.

Egesha lori usiku mzima bila kuliwasha. Asubuhi fungua bolti ya chini ya tangi na upokee lita mbili za kwanza kwenye chupa ya kioo. Iache saa moja. Maji yatatua chini, kutu itakuwa kama unga mwekundu, ute utakuwa kama majani yaliyooza. Ukiona ute, kumwaga lita chache hakutoshi. Shusha tangi, lioshe, chomoa paipu ya kunyonya na usafishe chujio lake.

Dalili inayoelekeza tangini moja kwa moja ni hii: lori linakwenda vizuri dakika 20 au 30, linakufa kama lililozimwa, unasimama kidogo, linawaka na kuendelea. Sababu huwa mbili. Kwanza, kitundu cha kupumulia cha tangi kimeziba, hivyo mvuto unaongezeka ndani hadi lifti pampu inashindwa. Lori likifa, fungua kifuniko cha tangi mara moja na usikilize. Likivuta hewa kwa sauti, umepata kosa. Pili, kuna kitu kinachoelea ndani, kipande cha plastiki au utando, kinachonyonywa hadi mdomoni na kuachilia injini inapozima.

Kama lori lina matangi mawili na koki ya kubadilisha, jaribu kila tangi peke yake. Koki zenyewe huvuta hewa mpira wake ukikauka.

Hewa

Hiki ndicho chanzo cha matatizo mengi kuliko vyote, na kipimo chake hakina gharama. Chomoa paipu inayoingia kwenye lifti pampu. Weka dizeli safi kwenye ile jerikani, itundike juu kidogo ya usawa wa pampu, na unganisha hosi kutoka jerikani hadi lifti pampu. Hakikisha mdomo wa hosi umefika chini ya dizeli. Elekeza pia hosi ya kurudi kwenye jerikani hiyo. Toa hewa kama ilivyoelezwa hapa chini, washa, kisha endesha lori kwa mzigo ikiwezekana, jerikani ikiwa imefungwa imara mbali na bomba la moshi.

Injini ikitengemaa, injekta pampu yako haina hatia. Kosa liko kati ya tangi na lifti pampu, na usiguse kitu kingine hadi ulipate. Injini ikibaki vilevile, songa mbele.

Kutafuta tundu lenyewe, badilisha kipande cha paipu kabla ya lifti pampu kwa hosi inayoonyesha ndani na uangalie injini ikiwa sailensi, yaani haijakanyagwa mafuta, kisha ikiwa na resi. Mapovu yanayopita mfululizo ni hewa. Rudi nyuma kiungo kwa kiungo ukielekea tangini hadi pale mapovu yanapokoma. Tundu liko katika kipande ulichotoka kukipita. Wahusika wa kawaida ni hosi za mpira zilizopasuka ndani ya klipu, mpira wa kikombe cha chujio, na wosha za shaba zilizotumika mara nyingi. Wosha ya shaba iliyokwisha kubanwa huwa ngumu. Ukikosa mpya, ipashe moto hadi iwe nyekundu, itumbukize majini, isugue masizi, na itakuwa laini tena. Ya alumini usiipashe, itupe.

Lifti pampu ina kosa lake. Legeza kitufe cha mkono, pampu. Kikiwa chepesi siku zote na hakigandi hata hewa ikiwa imetoka, valvu zake mbili ndogo zimeliwa au uchafu umezizuia kufunga. Fungua, safisha, badilisha springi na valvu. Vifaa vyake huuzwa kama pakiti. Kitufe kikikataa kupanda, au kikijirudisha chenyewe chini baada ya kuvutwa, kuna kizuizi upande wa tangi. Ukimaliza kupampu, kikaze kitufe hadi mwisho. Kikiachwa wazi kinavuta hewa, na mtu atazunguka siku nzima akitafuta alichokisahau mwenyewe.

Filta na presha

Badilisha filta zote mbili kwa pamoja na mipira yake, na usijaze filta mpya kwa dizeli ya kopo lililokaa wazi gereji. Jaza kwa pampu ya mkono, ili kila tone lipite kwenye karatasi.

Funga geji kwenye skrubu ya kutolea hewa ya injekta pampu, baada ya filta. Injini ikiwa na resi ya kati unatafuta bar 1 hadi 1.5. Ikiwa chini ya bar 1 na filta ni mpya, shuku lifti pampu au ile valvu ya kurudisha. Valvu hii inafanana na bolti ya kawaida yenye tundu, na kosa linalojirudia ni mtu kuweka bolti ya kawaida mahali pake kwa sababu ya kwanza ilipotea. Dizeli yote inarudi tangini, pampu haijai, lori halina nguvu, na hakuna anayeelewa sababu. Minya hosi ya kurudi sekunde chache ukiangalia geji: presha ikipanda vizuri, lifti pampu ni nzima na valvu ndiyo mbovu.

Kutoa hewa

1. Jaza tangi angalau nusu. Fungua koki.

2. Legeza skrubu iliyo juu ya filta ya kwanza. Pampu kwa mkono hadi dizeli itoke bila povu. Kaza huku ukiendelea kupampu. Fanya hivyo kwa filta ya pili.

3. Legeza skrubu iliyo kwenye injekta pampu. Pampu tena, hapa povu hutoka kwa vipindi, usikate tamaa mapema. Likiisha, kaza.

4. Endelea kupampu hadi kitufe kiwe kigumu na usikie dizeli ikirudi. Kikaze kitufe.

5. Legeza nusu mzunguko nati za paipu upande wa nozi, zote sita. Mtu mmoja akanyage mafuta hadi mwisho na kupiga starta sekunde zisizozidi 15. Pumzisha starta dakika moja. Rudia hadi kila nati iteme dizeli kwa mapigo.

6. Kaza nati, Nm 20 hadi 25. Kukaza zaidi hakuzuii uvujaji, kunaharibu koni ya paipu. Washa.

Mfumo ni wa volti 24, betri mbili za volti 12 kwa mfuatano. Starta inayozungusha injini polepole huonekana kama ugonjwa wa nozi: moshi mweupe mwingi bila kushika. Pima betri injini ikipigwa starta. Zikishuka sana chini ya volti 18, shughulikia umeme kwanza.

Moshi unasema nini, na mlima unasema nini

Moshi mweusi ni dizeli nyingi kuliko hewa. Watu wa Bonde la Ufa na magharibi mwa Kenya wanahitaji kulielewa jambo hili kuliko mtu wa Mombasa, kwa sababu hewa yenyewe inapungua barabarani. Kisumu iko karibu mita 1,130 juu ya bahari na shinikizo la hewa ni karibu asilimia 87 ya lile la pwani. Nakuru, mita 1,850, ni asilimia 80. Timboroa, zaidi ya mita 2,700, ni asilimia 72 hivi. OM352 isiyo na tabo, kifaa cha kushindilia hewa, inanyonya hewa iliyopo tu, lakini pampu inatoa dizeli ileile Kisumu na Timboroa. Lori likitoka Ahero halitoi moshi, likifika Mau Summit na mzigo linatoa moshi mweusi na kukosa nguvu, hapo hakuna kilichoharibika. Shusha gia, punguza mguu.

Mpaka wa jambo la kawaida na kosa ni huu: moshi mweusi mzito Kisumu, kwenye barabara tambarare, ni kosa. Anza na filta ya hewa. Malori haya yana filta ya bafu la oili, na oili ikijaa matope haichuji wala haipitishi. Kisha nozi. Kisha, na hapa ndipo pabaya, angalia kama mtu amefungua skrubu ya mafuta ya juu kwenye gavana, kidhibiti cha kasi ya injini, ili lori "livute". Skrubu hiyo hufungwa kwa waya na sili ya risasi kutoka kalibresheni. Sili ikiwa imekatwa, umejua mengi. Dizeli ya ziada katika hewa ya Nakuru haigeuki kuwa nguvu, inageuka kuwa joto na masizi, na pistoni ndizo zinazolipa. Lori linalofanya kazi siku zote juu ya mita 2,000 lingepaswa kupunguziwa mafuta kwenye benchi, halihitaji kuongezewa.

Moshi mweupe ni dizeli iliyopita bila kuwaka. Asubuhi ya baridi Molo, dakika moja au mbili, ni kawaida. Ukiendelea injini ikiwa moto, nozi inadondosha, taimingi imechelewa, au silinda haina kompresheni, yaani haibani hewa vya kutosha. Moshi mweupe wenye harufu tamu na radieta inayopungua ni maji yanayoingia ndani ya silinda. Hilo si la mfumo wa mafuta.

Wa buluu ni oili. Pampu haihusiki.

Kutafuta silinda inayougua

Injini ikiwa moto na sailensi, legeza nati ya paipu ya nozi namba moja kwa robo mzunguko, ukiwa umeifunika kwa kitambaa, macho yako yakiwa na miwani. Silinda nzima ikikatwa, injini inayumba na sauti inabadilika. Kaza, nenda ya pili. Ile ambayo ukiilegeza hakuna kinachobadilika ndiyo haifanyi kazi. Ukiilegeza na kishindo cha kugonga kikaisha, nozi yake inapiga vibaya.

Usinunue nozi bado. Hamisha nozi hiyo kwenye silinda nyingine na urudie kipimo. Ugonjwa ukihama nayo, nozi ndiyo mbovu. Ugonjwa ukibaki silinda ileile, ni elementi, dilivari valvu au kompresheni. Kwa kompresheni, kumbuka mlima tena: namba ya kitabu imeandikwa kwa usawa wa bahari. Kitabu kikisema bar 24, Nakuru utasoma 19 au 20 kwenye injini nzima. Linalofaa zaidi ni kulinganisha silinda kwa silinda. Tofauti ya zaidi ya bar 4 kati ya ya juu na ya chini ni ishara mbaya.

Ukitoa nozi, toa na wosha yake ya shaba iliyo ndani ya tundu. Mara nyingi hubaki huko, mtu akaweka mpya juu ya ya zamani, nozi ikakaa juu kuliko inavyotakiwa na dizeli ikapigwa mahali pasipo. Tumia taa na uangalie. Wosha mpya kila mara, na tundu lisafishwe kaboni kabla.

Nozi ipimwe kwenye mashine ya mkono, nazo zipo kwa mafundi wa pampu Nakuru, Kisumu na Eldoret. Simama na utazame mwenyewe vitu vinne. Ifunguke kwenye bar 200. Iliyotumika ikishuka chini ya 180 irekebishwe kwa wosha nyembamba za ndani. Itoe ukungu sawa kutoka kila tundu, bila mchirizi. Ikoromee, yaani itetemeke kwa sauti mkono ukisukuma polepole. Na ukiishikilia bar 20 chini ya presha ya kufunguka kwa sekunde 10, ncha isidondoshe. Nozi inayodondosha ndiyo inayotoboa pistoni, kwa hiyo hii ya nne haina msamaha. Zote sita zirekebishwe zifunguke kwa presha moja. Kuweka nozi moja mpya kati ya tano zilizochoka kunafanya injini itetemeke sailensi.

Injekta pampu: ya kuangalia na ya kuacha

Lori lililokaa muda mrefu lina kosa linaloonekana kubwa na huwa dogo: reki imeganda kwa dizeli iliyogeuka gundi. Fungua kifuniko cha ubavuni cha pampu na usukume reki kwa kidole. Iteleze mbele na nyuma bila kukwama popote. Ikikwama, mwagia dizeli safi iliyochanganywa na oili kidogo, acha usiku, ijaribu tena polepole. Usigonge. Ikikataa kabisa, pampu ishuke. Angalia pia plunja sita, vijiti vinavyosukuma dizeli ndani ya elementi, zinapanda na kushuka ukizungusha injini. Iliyobaki juu imeganda au springi yake imevunjika.

Kabla ya hapo, hakikisha kebo ya kuzimia inarudi mahali pake. Kebo yenye kutu inayobaki nusu inaifanya injini ikose kuwaka au ikose nguvu, na bei yake hailingani na ya pampu.

Dilivari valvu iliyochoka inaruhusu dizeli irudi kutoka kwenye paipu injini ikizima, na asubuhi starta inachukua muda. Kuifungua kunawezekana gereji yenye meza safi, ila kishikio chake kina kipimo chake cha kukaza kwenye kitabu na kinatakiwa kufuatwa kwa spana ya kipimo. Ukikaza kupita kiasi unaminya elementi iliyo chini yake, na reki uliyoiacha laini inakwama. Ukishakaza kila kimoja, sukuma reki tena kwa kidole kabla ya kwenda kingine.

Injini ikipanda na kushuka sailensi kama inayopumua, rudia kipimo cha hewa kwanza. Hewa ikiwa haipo, ni reki nzito au gavana. Baadhi ya injini za zamani zina gavana ya mvuto, yenye kiwambo cha mpira au ngozi na hosi kutoka kwenye paipu ya hewa. Sukuma lifa (mkono) ya kuzimia hadi mwisho, ziba kwa kidole tundu la hosi hiyo, achilia lifa. Ikibaki karibu na pale ulipoiacha, kiwambo ni kizima. Ikirudi hadi mwanzo, kimetoboka, na usiwashe injini hiyo: hakuna kitakachoizuia isikimbie.

Vuta pia kijiti cha oili. Ikiwa oili imepanda juu ya alama na inanuka dizeli, dizeli inapita kwenye elementi zilizoliwa au kwenye sili ya lifti pampu. Lifti pampu ni ya bei nafuu, ianze hiyo. Usiendelee kuendesha, oili iliyopunguzwa makali inaua beringi.

Skrubu za gavana, meno ya reki na vipimo vya kila elementi ni kazi ya benchi la kalibresheni, ambako mafuta ya silinda sita hupimwa kwa chupa zilizopangwa safu moja. Hakuna sikio linaloweza kazi hiyo.

Taimingi

Inahitajika pampu ikishushwa na kurudishwa, au injini ikigonga au kutoa moshi mweupe huku nozi zikiwa nzima. OM352 zilitoka na mipangilio zaidi ya mmoja, kwa hiyo nyuzi (digrii) za taimingi zisomwe kwenye kitabu cha injini yenye namba yako. Zungusha krenki kwa mwelekeo wake hadi silinda namba moja ikaribie juu ikiwa kwenye kompresheni, valvu zake zote zikiwa zimelegea. Toa dilivari valvu namba moja na springi yake, rudisha kishikio kitupu, funga paipu fupi iliyopindwa kama shingo ya bata. Lifa iwe kwenye mafuta ya juu. Mtu mmoja apampu kwa mkono polepole, mwingine azungushe krenki taratibu. Dizeli itatiririka, itapungua, itageuka matone. Pale inapokuwa tone moja moja la kuchelewa, simama na usome alama kwenye puli. Ukipitiliza usirudishe nyuma kidogo. Rudi robo mzunguko na uje tena mbele, la sivyo ulegevu wa gia utakudanganya.

Kurekebisha, legeza bolti za mbele za pampu na uizungushe katika nafasi zake. Kuuzungusha mwili wake kinyume na mzunguko wa shafti yake kunawahisha. Kuufuata mzunguko kunachelewesha. Milimita moja hapo ni nyingi. Kaza, pima tena. Rudisha valvu na springi kwa usafi uleule.

Mpangilio wa kuwaka ni 1-5-3-6-2-4. Paipu zikiwa zilitolewa zote kwa pamoja, zifuate hadi mwisho moja moja kabla ya kupiga starta.

Dizeli yenyewe

Elementi za pampu hii hulainishwa na dizeli inayopita ndani yake. Mafuta ya taa hayana ulainishi huo, na ndiyo sababu kuyachanganya kunakula pampu kimyakimya. Mwaka 2018 serikali iliweka tozo ya shilingi 18 kwa lita ya mafuta ya taa ili kukata faida ya uchanganyaji, na EPRA, mamlaka ya nishati na petroli ya Kenya, hupima vituo kwa kutafuta alama ya kemikali, lakini dizeli ya mtungi kando ya barabara haipimwi na mtu. Usinunue hiyo kwa lori lenye pampu ya zamani, hata bei ikivutia vipi.

Jaza tangi jioni, baada ya kazi, lisilale tupu. Fungua bolti ya kikombe cha chujio kila wiki msimu wa mvua. Baada ya kilomita 50 za kwanza tangu kazi yote kuisha, pitia nati za paipu na bolti zote za wosha za shaba kwa spana, injini ikiwa baridi, kwa sababu shaba mpya hulala kidogo inapopata joto. Yule fundi wa pampu akihitajika bado, mpelekee pamoja na pampu hiyo chupa ya dizeli uliyoitoa chini ya tangi.